Texas Hukupa Nyumba, California Hukupa Mlima

Mpwa wangu wa Tanga amepata nafasi ya kusoma katika vyuo vikuu viwili, kimoja Houston na kingine Los Angeles, na tangu barua ya pili ilipofika simu yangu haipumziki. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, hujambo?" Kisha swali lile lile: wapi kuzuri, Texas au California? Mama yake mdogo, ambaye yuko Houston, anasema Houston, maana mwamba ngoma huvutia kwake. Rafiki zake wanasema California, kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye filamu. Mimi ndiye niliyeishi kote kuwili, kwa hiyo mimi ndiye ninayedaiwa jibu.

Niliishi Houston miaka minane kuanzia 2014. Tangu 2022 niko San Bernardino, mji wa maghala na malori ulio kilomita 95 hivi mashariki mwa Los Angeles. Jibu nililonalo halitoshi kwenye simu, na najua mpwa wangu hayuko peke yake. Vijana wengi wa Dar es Salaam, Mombasa, Bukavu na Bujumbura wana ndugu katika majimbo haya mawili, na wote huuliza hivyo hivyo. Basi nimeketi kuandika.

Kwanza watu wetu waelewe ukubwa wenyewe. Tunaposema "jimbo" wengi hufikiria kitu kama mkoa. Texas ina takriban kilomita za mraba 695,000. Kenya nzima ingeingia humo na nafasi ikabaki. California ina kama 424,000, karibu nusu ya Tanzania. Ukiiondoa Alaska, hakuna jimbo la Marekani linaloyazidi haya mawili kwa eneo, na kwa watu hakuna kabisa: sensa ya 2020 iliwahesabu milioni 39.5 California na milioni 29.1 Texas.

Yameunganishwa na barabara moja. Barabara Kuu Namba 10 huanzia Santa Monica, penye mchanga wa Bahari ya Pasifiki, hupita karibu na mlango wangu wa San Bernardino, hukata majangwa ya Arizona na New Mexico, kisha huingia Texas pale El Paso. Ndani ya Texas peke yake hutembea kilomita zipatazo 1,400, kama kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba, kabla ya kutokea Louisiana. El Paso iko karibu zaidi na San Diego ya California kuliko Houston iliyo jimbo lake lenyewe, na hata saa za El Paso ziko nyuma ya za Houston. Nimeiendesha barabara hiyo mara nne kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na mengi ninayoyasema hapa niliyaonea dirishani mwa gari.

Nianze na Houston, kwa sababu ndiko nilikojifunzia kuishi ugenini. Ukishuka pale mwezi Julai, hewa inakupokea kama ya Dar mwezi Februari: nzito, imejaa maji, shati limenata mgongoni kabla hujafika kwenye maegesho. Wamarekani wa kaskazini huilalamikia hali hiyo. Mtu wa pwani huishukuru, maana udongo na joto lile vinaotesha mboga zetu.

Nyumba ya mdogo wangu, yule mama mdogo wa mpwa wangu, iko kusini-magharibi mwa jiji. Ni ya matofali, vyumba vitatu, na aliinunua baada ya miaka sita ya kazi ya kuhudumia wagonjwa. Nyuma kuna uwanja mdogo wenye uzio wa mbao, na kandokando ya uzio huo matembele yametambaa hadi yamefunika njia ya kwenda kwenye bomba. Kuna mchicha, bamia, mchaichai, na mgomba ambao kila baridi ikipiga hufa hadi chini na mwezi Aprili huchipua tena. Jirani yake wa mkono wa kushoto ni mama wa Uvira. Mchicha kwake ni lengalenga, kisamvu ni sombe, na jioni hupitisha bakuli juu ya uzio bila kuagizwa. Texas imepokea wakimbizi wengi wa Kongo, na Kiswahili chao utakisikia Houston, Dallas, Fort Worth, hata Abilene na Amarillo, miji ambayo hapo nyuma hakuna aliyedhani ingekuwa na kanisa linaloendesha ibada kwa Kiswahili kuanzia sala ya kwanza hadi matangazo.

Kwamba mhudumu wa wagonjwa anaweza kununua nyumba kuna sababu zake. Houston ndio jiji kubwa kuliko yote Marekani lisilo na sheria za kugawa maeneo, hapa pa makazi, hapa pa maduka, hapa pa viwanda. Ardhi ni tambarare, vibali hutoka upesi, na jiji limeachwa likajitandaza. Matokeo yake si mazuri kwa macho: karakana ya matairi hukaa ukuta kwa ukuta na nyumba ya mtu, na bila gari huendi popote. Lakini nyumba ya bei ya kati Texas ni takriban dola 340,000, wakati California ni zaidi ya 800,000. Kwa familia inayoanza na mabegi mawili, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama watoto watakua na uwanja wa kuchezea au hawatakuwa nao.

Hesabu haiishii kwenye bei ya nyumba. Texas haikati kodi ya mapato ya jimbo, na mwaka 2019 wapigakura waliiandika marufuku hiyo kwenye katiba yao. Badala yake kodi ya majengo ni kali, na bili yake kila mwisho wa mwaka humkosesha mdogo wangu usingizi. Kima cha chini cha mshahara ni dola 7.25 kwa saa, kile kile cha serikali kuu ambacho hakijapanda tangu 2009. California imevuka dola 16, na tangu Aprili 2024 wafanyakazi wa migahawa mikubwa ya vyakula vya haraka hulipwa angalau 20. Na kuna jambo la afya, ambalo vijana hulipuuza mpaka siku waumwe: Texas ndilo jimbo lenye asilimia kubwa zaidi ya watu wasio na bima ya afya Marekani, kwa kuwa lilikataa kupanua mpango wa serikali wa kuwatibu wenye kipato kidogo. California iliupanua. Nimewaona watu Houston wakimeza vidonge vya maumivu wiki nzima kwa kuogopa bili, katika jiji lenye mojawapo ya vituo vikubwa kabisa vya tiba duniani.

Sasa nije kwenye lile ambalo kwangu ndilo kiini, na ambalo vitabu vya kuongoza wageni hulipita haraka.

Masika ya 2019, Aprili, nilitoka na wanangu kwenda kwenye vilima magharibi mwa Austin. Ndio msimu wa bluebonnet, ua la jimbo, na kando ya barabara nyasi zote zilikuwa zimegeuka buluu. Tuliona kijito kimepita chini ya miti ya mwaloni, maji meupe juu ya mawe. Nikaegesha. Tulikuwa tumeshuka hatua kama kumi nilipoona nguzo ya uzio wa seng'enge imepakwa mstari wa rangi ya zambarau, upana wa vidole viwili, urefu wa mkono. Sikujua maana yake. Lori dogo likasimama nyuma ya gari letu, akashuka mzee mwenye kofia ya majani, akanivulia kofia, akanieleza kwa upole kwamba Texas rangi hiyo ni sheria tangu 1997: mahali ilipopakwa ni mali ya mtu, na kuipita ni sawa na kupita kibao kilichoandikwa "usiingie". Akasema ardhi ile si yake, ila anamjua mwenyewe, naye si mtu wa kuzungumza kwa muda mrefu. Tukarudi garini. Tangu siku hiyo nilianza kuiangalia michirizi ya zambarau, na nikagundua kwamba iko kila mahali.

Zaidi ya asilimia 95 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi. Sababu yake ni ya kihistoria na ni ya pekee. Texas ilikuwa jamhuri huru kuanzia 1836, ilipojitenga na Mexico, hadi 1845 ilipojiunga na Marekani. Katika mapatano ya kujiunga ilibaki na madeni yake, lakini pia ilibaki na ardhi yake yote ya umma. Majimbo mengine ya magharibi yalianza yakiwa na ardhi kubwa mikononi mwa serikali kuu, na nyingi imo humo mpaka leo. Texas iliigawa na kuiuza yake. Jengo la bunge la Austin, lile la mawe mekundu lililokamilika mwaka 1888, halikulipiwa fedha: wajenzi walipewa ekari milioni tatu za kaskazini mwa jimbo, na humo likazaliwa shamba la ng'ombe la XIT, moja ya makubwa kuwahi kuwekewa seng'enge. Kusini kuna King Ranch, ambayo hadi leo ina zaidi ya kilomita za mraba 3,300. Unguja na Pemba kwa pamoja hazifiki hapo. Shamba la mtu mmoja na jamaa zake!

Haki itendeke: si kila kipande kiliuzwa. Nyingine iliwekwa wakfu kwa elimu, na mwaka 1923 kisima cha Santa Rita kilipotoa mafuta kwenye ardhi ya chuo kikuu huko magharibi, nyanda zilizodhaniwa hazifai hata mbuzi ziligeuka utajiri wa vyuo ambao unalipia maabara hadi leo. Na ufuko wa bahari ni wa wote. Tangu 1959 sheria ya Texas humruhusu mtu yeyote kutembea ufukoni mpaka pale mimea inapoanza, hata mbele ya jumba la tajiri. Nilipoijua sheria hiyo nilishangaa, maana sikuitarajia kutoka jimbo lenye nyua nyingi hivyo.

Na kuna Big Bend. Iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Houston, kule mto Rio Grande unapopinda kama kiwiko ukitenganisha Texas na Mexico. Hifadhi yenyewe, iliyoanzishwa 1944, ina kilomita za mraba zaidi ya 3,200. Nilifika usiku. Nilizima taa za gari nikashuka, na kwa muda sikuthubutu kusogeza mguu: giza lilikuwa kamili ardhini, na juu nyota zilikuwa nyingi kiasi kwamba sikuweza kuzitambua hata zile ninazozijua. Mara ya mwisho nilikuwa nimeuona ule mkanda mweupe wa mbingu Pangani, utotoni, umeme ulipokatika. Asubuhi tulitembea hadi korongo la Santa Elena, kuta za mawe pande zote mbili zimesimama kama minara, mto katikati wa kina cha magoti. Ukuta wa kushoto ni Mexico, wa kulia ni Texas.

Lakini safari hiyo ilinichukua siku nzima ya kuendesha, na njiani karibu kila kilomita ilikuwa na seng'enge kushoto na kulia.

Mwaka 2022 kazi ilinihamishia California. Wakati ule watu wengi walikuwa wakihama kinyume nami. Baada ya sensa ya 2020 California ilipoteza kiti kimoja cha Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza katika historia yake, na Texas ikaongezewa viwili. Tesla na Oracle zilikuwa zimekwisha peleka makao makuu yao Austin. Nilipakia gari, na kwenye ndoo ya plastiki nyuma ya kiti nikaweka vipando vya matembele vilivyofungwa kwa gazeti lenye maji.

Ukivuka mto Colorado kutoka Arizona, barabara yote hupitia kituo cha ukaguzi wa mazao. Mkaguzi, msichana wa makamo ya mwanangu mkubwa, aliuliza kama nina matunda au mimea. Nikamwonyesha ndoo. Akaniuliza inatoka wapi, nikasema Houston. Akanieleza, bila haraka, kwamba kuna fukusi wa viazi vitamu kule Texas na mashariki kwake, anayekula mzizi kutoka ndani, na kwamba mashamba ya viazi ya bonde la kati la California yamenusurika kwa sababu ya meza kama hii aliyosimama nayo. Vipando havikupita. Niliumia, sitaficha, maana vilitoka kwenye shina ambalo mdogo wangu alilipata kwa mama wa Uvira. Lakini maneno yake yalikuwa na uzito. Jimbo linalootesha karibu lozi zote za Marekani, na takriban asilimia 80 ya lozi za dunia, lina haki ya kuogopa mdudu.

Saa moja na nusu mbele yake nilipata faraja nisiyoitegemea. Bonde la Coachella limejaa mitende, mistari kwa mistari, vishada vimefunikwa mifuko ya karatasi. Miche ya kwanza ililetwa na wataalamu wa kilimo kutoka Afrika ya Kaskazini na nchi za Kiarabu zaidi ya miaka mia iliyopita. Tende aina ya mejuli ilifika Marekani kutoka Morocco mwaka 1927, miche 11 tu. Kuna hata mji mdogo uitwao Mecca. Nilinunua kilo mbili kando ya barabara, na Ramadhani ya kwanza ya California nilifuturu kwa tende zilizochumwa saa moja kutoka nyumbani.

Nyumbani penyewe ni chumba. Kwa pesa ambazo Houston nilipanga vyumba viwili na jiko, San Bernardino nimepata chumba kimoja katika nyumba ya watu watano, na San Bernardino ndiyo sehemu ya bei nafuu. Ukisogea Los Angeles au San Francisco, hata hicho hukipati. California imejifungia nyumba kwa namna nyingi. Miji iliruhusu nyumba za familia moja tu katika maeneo makubwa. Mwaka 1978 wapigakura walipitisha Pendekezo la 13, linalozuia kodi ya nyumba kupanda zaidi ya asilimia mbili kwa mwaka mpaka iuzwe. Aliyenunua zamani analipa kidogo, haoni sababu ya kuuza, na aliyekuja jana anabeba mzigo. Katika hesabu ya Januari 2024 watu 187,000 hivi walikuwa hawana makazi California. Texas walikuwa 28,000. Nikipita chini ya madaraja asubuhi nikienda kazini, naona mahema, na wengine wanaotoka humo wamevaa sare za kazi. Hilo sijalizoea na sitaki kulizoea.

Ila fungua dirisha la chumba changu. Juu ya mapaa ya maghala umesimama mlima San Gorgonio, mita 3,506, na kuanzia Desemba una theluji. Si mali ya mtu. Siku ya mapumziko naweka chai kwenye chupa, naendesha dakika 50, naacha gari mwisho wa lami, naanza kutembea. Hakuna nguzo ya zambarau. Hakuna anayeniuliza nimetoka wapi. Takriban asilimia 45 ya ardhi ya California iko mikononi mwa serikali kuu, nyingi yake misitu na majangwa ambamo mtu anaweza kupiga hema, akawasha jiko lake pale panaporuhusiwa, akalala, bila kumwomba mtu. Kwangu, mtoto wa nchi ambako kijiji kina malisho ya wote na chemchemi ya wote, siku ya kwanza nilipoelewa hilo nilikaa juu ya jiwe nikatulia kitambo.

Jimbo hili lina hifadhi za taifa tisa, nyingi kuliko jimbo lolote. Texas ina mbili. Mlima Whitney una mita 4,421, na kilomita kama 136 tu kutoka hapo, katika Bonde la Mauti, liko bonde la Badwater lililo mita 86 chini ya usawa wa bahari, jirani na pale ambapo mwaka 1913 ilipimwa nyuzi 56.7 za joto. Katika hifadhi ya Sequoia umesimama mti uitwao General Sherman, mita 83, ambao kwa ujazo wa shina hakuna mti mwingine duniani unaoufikia. Niliuzunguka nikiwa na watoto, tukahesabu hatua, tukapoteza hesabu, tukaanza upya. Bonde la Yosemite, Rais Lincoln aliliweka mikononi mwa California mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinapiganwa, kwa sharti kwamba liwe la umma daima. Watu wa Ahwahnee walikuwa wamekwisha fukuzwa humo na wanamgambo mwaka 1851. Hilo nalo lisemwe, nasi tunaowakumbuka Wamasai waliohamishwa Serengeti mwaka 1959 tunalielewa bila kufasiriwa.

Mpwa wangu aliuliza pia wapi kuna hatari. Kote. Kimbunga cha 1900 kiliua watu wasiopungua 6,000 Galveston, bandari ya jirani na Houston, na hakuna janga la asili lililoua wengi zaidi Marekani hadi leo. Agosti 2017 mvua za kimbunga Harvey zilizamisha mtaa wetu, maji yakasimama ngazi ya pili ya mlango. Lakini lililonitia woga zaidi ni baridi. Jumatatu ya tarehe 15 Februari 2021, usiku wa manane, umeme ulikatika, na nje ilikuwa inaelekea nyuzi kumi chini ya sifuri katika jiji ambalo mabomba yake hayakujengwa kwa baridi. Tulilala watu saba chumba kimoja, blanketi juu, khanga chini. Mabomba yakapasuka, tukawa tunakusanya barafu ya uwanjani kwenye masufuria ili ipatikane ya kumwagia chooni. Mama wa Uvira alitoa jiko lake la mkaa akalikoka nje, barazani, akampiga marufuku kila mtu kuliingiza ndani. Kuna familia jijini zilizokufa kwa moshi usioonekana siku zile zile. Umeme ulirudi Alhamisi. Jimbo lilihesabu vifo 246. Sehemu kubwa ya Texas ina gridi yake yenyewe, iliyotengwa makusudi ili isiwe chini ya wasimamizi wa serikali kuu, na mitambo na mabomba ya gesi yalipoganda hapakuwa na njia ya kuvuta umeme wa kutosha kwa majirani.

California ina moto na tetemeko. Ufa wa San Andreas hupita chini ya milima ninayoisifu. Januari 2025 mioto ya Palisades na Eaton iliteketeza majengo zaidi ya 16,000 pembeni mwa Los Angeles, na upepo ulioisukuma ulikuwa unatikisa dirisha langu pia. Begi langu la nyaraka liko karibu na mlango tangu wiki ile.

Siasa sitazirefusha. Texas mtu mzima hubeba bastola bila kibali tangu 2021 na utoaji mimba umepigwa marufuku karibu kabisa. California ni kinyume katika yote mawili, na hata asiye na karatasi hupata leseni ya udereva. Kila upande humsema mwenzake kwa ukali kwenye televisheni. Mitaani nimepata majirani wema kote.

Kuna jambo moja ambalo ningependa mpwa wangu alijue akiwa mweusi anayekwenda huko akiongea Kiswahili. Sikukuu mbili za Wamarekani weusi zimezaliwa katika majimbo haya. Wenye watumwa walikuwa wamekimbilia Texas na watumwa wao wakilikwepa jeshi la kaskazini, na tangazo la uhuru la Januari 1863 halikuwafikia waliofungwa huko mpaka tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger alipotoa amri pale Galveston. Siku hiyo ndiyo Juneteenth, na Opal Lee wa Fort Worth, bibi aliyeanza matembezi ya kuidai akiwa na miaka 89, aliishi kuiona ikiwa sikukuu ya taifa mwaka 2021. California ilitoa Kwanzaa. Mwaka mmoja baada ya ghasia za Watts za 1965, Maulana Karenga alianzisha Los Angeles siku saba za kusherehekea, akazipa majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani.

Desemba 27 ya mwaka wangu wa kwanza nilialikwa katika ukumbi wa Leimert Park. Mezani palikuwa na mkeka, mahindi, kinara cha mishumaa saba. Bibi mmoja wa miaka themanini hivi, mzaliwa wa Louisiana, alinishika mkono akaniuliza, kwa Kiswahili kilichonyooka, "Habari gani?" Nikamjibu "Nzuri, shikamoo." Akatabasamu, akanisahihisha kwa upole: siku hiyo jibu lilikuwa "Kujichagulia." Maneno ya bibi yangu wa Pangani yalikuwa yanawasha mishumaa upande wa pili wa dunia, na nilikuwa nimekuja huko nikidhani mimi ndiye niliyeyabeba.

Wiki iliyopita mpwa wangu alipiga tena. Safari hii hakuuliza wapi kuzuri. Aliuliza, "Mjomba, bahari zao zinaogeka?" Nikamwambia ukweli: Pasifiki ya Santa Monica ni nzuri kutazama, ila hata Juni maji yake yanauma mifupa, maji ya Galveston ni ya rangi ya udongo, lakini yana joto kama ya Raskazone kule kwao Tanga. Akacheka, akasema mama mdogo amekwisha mwandalia chumba. Amechagua Houston.

Mdogo wangu amepanua tuta la matembele. Mimi nimeomba likizo ya Machi, vyuo vikifungwa kwa wiki moja, na nafasi ya kupiga hema Big Bend nimekwisha ilipia. Mimi nitatoka magharibi, siku mbili barabarani; yeye atatoka mashariki na mama yake mdogo, siku moja. Nimemwambia anunue viatu imara, abebe maji lita nne kwa kila mtu kwa kila siku, na akiona rangi ya zambarau kwenye nguzo asishuke garini mpaka avuke lango la hifadhi.